Kikomo cha Kungoja: Historia ya Ujumbe na Majibu katika Pwani ya Bagamoyo

Historia ya mawasiliano katika pwani ya Bagamoyo kwa kawaida huandikwa kwa kufuata mwendo wa ujumbe: mpagazi akafuatwa na waya wa telegrafu, waya ukafuatwa na simu, na simu ikafuatwa na mkongo wa baharini unaobeba intaneti. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yanaeleza upande mmoja tu wa jambo, kwa kuwa kila ujumbe una mtumaji ambaye akishautuma hana budi kungoja jibu, na katika kungoja huko hukabiliwa na tatizo ambalo kasi peke yake haijapata kulimaliza. Kimya hakitaji sababu yake. Mtumaji asiyepata jibu hawezi kujua, kwa kimya hicho tu, iwapo ujumbe ulipotea njiani, au ulifika na jibu ndilo lililopotea, au mpokeaji hayupo tena, au kila kitu ni kizima isipokuwa njia ni ndefu na ina msongamano. Hata hivyo analazimika kuamua angoje hadi lini, na muda ukipita afanye nini.

Waandishi wa programu za kompyuta hulikabili swali hilo kila siku, na jibu lao ni kikomo cha kungoja, yaani muda ambao programu hujiwekea ili, ukiisha bila jibu kufika, iache kungoja na kushika njia nyingine. Makala haya yanafuatilia swali hilo tangu zama za misafara ya Bagamoyo hadi programu zinazotumika leo katika pwani hiyo hiyo, na yanashikilia hoja moja: kikomo cha kungoja hutokana na njia ambayo ujumbe unapita, na kinapowekwa na mtu asiyeijua njia hiyo huleta hasara, ama kwa kukata tamaa mapema mno ama kwa kungoja bila mwisho.

Misimu na misafara

Kabla ya waya, ratiba ya kungoja baharini iliwekwa na upepo. Kusi, inayovuma takriban Aprili hadi Septemba, ilipeleka majahazi Arabuni na Bara Hindi, na kaskazi, inayovuma takriban Desemba hadi Machi, ikayarudisha, hivyo mfanyabiashara wa Unguja, Bagamoyo, Saadani au Pangani aliyemwandikia mwenzake wa Maskati au Bombay hakuwa na sababu ya kuingiwa na shaka kabla msimu wa kurudi haujapita. Ukipita bila jahazi wala barua, ndipo shaka ilipokuwa na msingi, na ndipo barua nyingine ilipoandikwa. Hapakuwa na haja ya kuandika kikomo hicho mahali popote, kwa kuwa kila aliyeishi pwani alikijua.

Njia ya bara haikuwa na kipimo imara namna hiyo. Kutoka Bagamoyo, misafara ilipita Usagara na Ugogo hadi Unyanyembe, yaani eneo la Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, umbali wa kilomita 1,200 hivi. Wapelelezi Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, Juni 1857, wakafika Kazeh karibu na Tabora mwezi Novemba, na hawakuliona ziwa hadi Februari 1858. Msafara mwepesi ungeweza kwenda kwa haraka zaidi, na msafara ulioandamwa na ndui, mafuriko, vita au mabishano ya hongo, ambayo ni ushuru uliodaiwa na watawala wa nchi zilizo njiani, ungeweza kuchelewa kwa miezi. Kwa hiyo, aliyebaki pwani hata akijua wastani wa safari bado alikosa jambo la pili lililohitajika ili aamue vyema, nalo ni kiasi ambacho safari moja iliweza kupishana na nyingine.

Wenye mitaji waliishi ndani ya mashaka hayo. Wafadhili wa Unguja, ambao Taria Topan ni miongoni mwa wanaojulikana zaidi, waliwakopesha viongozi wa misafara nguo, shanga na bunduki kwa matarajio ya kulipwa kwa pembe za ndovu. Mmoja wa viongozi hao, Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, alianza safari yake kubwa ya tatu karibu mwaka 1870 na hakurejea Unguja hadi 1882. Mkopeshaji aliyeshika kikomo cha kawaida cha safari ya Ujiji angeihesabu mali hiyo kuwa imepotea miaka mingi kabla ya pembe kufika, na asiyekuwa na kikomo chochote angeweza kufilisika akimngojea mdaiwa aliyekwisha kufa.

Shida hiyo huonekana kwa karibu zaidi katika kisa cha mfuko wa barua za mpelelezi David Livingstone. Mwanzoni mwa Novemba 1870 ubalozi wa Uingereza huko Unguja, chini ya John Kirk, ulituma msafara uliobeba vifaa pamoja na mfuko wa barua ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870, ili vimfikie Livingstone aliyetazamiwa kuwa Ujiji. Kwa mtazamo wa Unguja ujumbe ulikuwa umekwisha kutumwa, na kimya kilichofuata kingeweza kuchukuliwa kuwa ni kile kimya cha kawaida cha safari ya bara. Kumbe msafara ulikuwa bado uko Bagamoyo, ng'ambo tu ya mkondo wa bahari wenye upana wa kilomita 40 hivi, na ilikuwa Februari 1871 ndipo Kirk, aliyepata habari kwamba wapagazi walikuwa adimu kupita kawaida na kwamba watu wake hawajaondoka, alipovuka kwa manowari kwenda kuwahimiza. Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyeondoka Bagamoyo Machi mwaka huo huo kumtafuta Livingstone, aliukuta mfuko huo Unyanyembe, akauchukua, na kwa hesabu yake mwenyewe aliukabidhi Ujiji Novemba 1871, mwaka mzima na zaidi tangu tarehe iliyoandikwa juu yake.

Kisa hicho kimezoeleka kusimuliwa kama ugomvi kati ya Stanley na Kirk, lakini kwa mwanahistoria wa mawasiliano uzito wake uko kwingine. Miezi zaidi ya mitatu ilipotea katika kipande cha njia ambacho chombo cha matanga kilikivuka kwa muda wa saa chache, na ilipotea kwa sababu hapakuwa na utaratibu wa mtu wa Bagamoyo kurudisha Unguja neno moja tu, kwamba mzigo umepokewa na umeendelea mbele. Utaratibu huo huitwa thibitisho la kupokea, na pale unapokosekana, mtumaji hujikuta akiingoja safari nzima ya kilomita 1,200 wakati kasoro iko hatua ya kwanza.

Waya wa mwaka 1890

Mwaka 1879 kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilikamilisha waya wa chini ya bahari kutoka Aden, kupitia Unguja na Msumbiji, hadi Durban, na kisiwa cha Bawe, mbele ya mji wa Unguja, kikawa kituo chake. Mwaka 1890, baada ya vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani na wakati hao Wajerumani wakijenga utawala wao, tawi la waya huo lilitandazwa kutoka Unguja hadi Bagamoyo na Dar es Salaam, na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1890 ukafuata waya wa nchi kavu uliofuata pwani kuelekea kaskazini kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga. Mji uliokuwa mlango wa misafara sasa uliweza kuuliza Ulaya na kujibiwa ndani ya siku, na mara nyingine ndani ya saa.

Telegrafu ilileta pia utaratibu ambao njia ya misafara haikuwa nao. Kanuni za kimataifa zilizotokana na mkataba wa Paris wa 1865 zilimruhusu mtumaji kulipia jibu la mwenzake kabla, au kulipia maneno yake yote yarudiwe na karani wa upande wa pili ili kosa lolote ligundulike, au kulipia taarifa ya kwamba ujumbe umemfikia mwenyewe na saa uliyomfikia. Aliyekuwa na fedha aliweza kununua uhakika, na asiyekuwa nazo alituma maneno machache yaliyolipiwa kwa hesabu ya neno kwa neno, kisha akangoja kama walivyongoja waliomtangulia. Jambo jingine jipya lilikuwa kwamba waya wenyewe uliweza kuhojiwa: fundi aliyepima ukinzani wa umeme, yaani jinsi waya unavyoupinga umeme kupita, aliweza kutambua kama umekatika na kukisia umekatika umbali gani kutoka kituoni. Kwa mara ya kwanza katika pwani hii ilikuwa inawezekana kutenganisha njia iliyokufa na jibu lililochelewa bila kumtuma mtu aende akaangalie.

Bagamoyo haikufaidi nafasi hiyo ya mbele kwa muda mrefu. Makao makuu ya utawala wa Kijerumani, yaliyokuwa hapo, yalihamia Dar es Salaam mwaka 1891, ujenzi wa reli ya kati ukaanzia huko mwaka 1905 na kufika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na njia kubwa za ujumbe zikafuata mkondo huo. Tatizo la kungoja, hata hivyo, halikuhamia popote, na lilipoibuka tena kwa sura ya kisayansi lilikutwa katika maabara za ng'ambo ya bahari, miongo saba baadaye.

Itifaki na saa ya mtumaji

Mwaka 1974 wahandisi wawili wa Marekani, Vinton Cerf na Robert Kahn, walichapisha pendekezo la itifaki, yaani kanuni za mazungumzo kati ya mashine, ambayo baada ya marekebisho ilisanifiwa Septemba 1981 kwa jina la TCP na kuanza kutumika katika mtandao wote wa ARPANET tarehe 1 Januari 1983. Chini ya itifaki hiyo habari hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hupita katika mtandao ambao hautoi ahadi yoyote ya kuifikisha. Kabla ya kupelekeana habari, mashine mbili hufungua muunganisho kwa hatua tatu: ya kwanza hutuma ombi, ya pili hujibu kwamba imelipokea na iko tayari, na ya kwanza huthibitisha kwamba jibu limeifikia. Baada ya hapo kila kipande kina namba, kila namba hurudishiwa thibitisho la kupokea, na mtumaji huanzisha saa kila anapotuma, ili thibitisho lisipofika kabla saa haijaisha kipande hicho kitumwe upya. Kile ambacho telegrafu ilimuuzia mwenye uwezo, TCP ilikifanya kuwa sharti la kila ujumbe.

Lililobaki ni kuamua saa hiyo idumu kwa muda gani, na gharama ya kukosea hesabu hiyo ilijulikana Oktoba 1986. Kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, majengo yaliyotenganishwa na umbali usiofika mita 400, mwendo wa habari ulianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson, aliyechunguza tukio hilo, alionyesha kwamba mashine zilikuwa zikikata tamaa mapema mno njia ilipojaa: pakiti iliyochelewa ilidhaniwa kuwa imepotea, nakala yake ikatumwa, nakala ikaongeza msongamano, na msongamano ukazalisha nakala nyingine. Makosa yalianzia katika kuhesabu wastani wa muda wa kwenda na kurudi bila kuzingatia vya kutosha kuyumba kwake. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1988 pamoja na Michael Karels, alipendekeza kikomo kinachojumlisha wastani huo na kipimo cha kuyumba, na kanuni iliyokuja kukubalika ni wastani kuongezwa mara nne ya kiasi cha kuyumba. Ilikubalika vilevile kwamba kila kurudia kunakoshindikana kufuatwe na kungoja mara mbili ya kule kulikotangulia, ili wengi wasiijaze njia iliyokwisha kuelemewa. Kipimo ambacho mkopeshaji wa Unguja alikikosa kilikuwa kimepata fomula.

Kikomo ndani ya lugha za programu

Saa ya TCP iko ndani ya mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia mashine, na subira yake ni kubwa kuliko ya mwanadamu. Mfumo wa Linux, kwa miaka mingi, ulipojaribu kufungua muunganisho na mashine isiyojibu, ulituma ombi, ukalirudia baada ya sekunde 1, kisha baada ya 2, 4, 8, 16 na 32 nyingine, ukamalizia kwa kungoja sekunde 64, hivyo programu iliyoachiwa mfumo uamue ilikaa sekunde 127 kabla ya kuambiwa kwamba imeshindikana. Ndiyo maana lugha za programu zililazimika kumpa mwandishi uwezo wa kuweka kikomo chake mwenyewe, na uwezo huo ulikuja kwa vipande. Toleo la mfumo endeshi wa Unix liitwalo 4.2BSD, la mwaka 1983, lilileta pamoja na vifaa vya kufungulia miunganisho wito uitwao select, ambao uliiwezesha programu ya lugha ya C kuitazama miunganisho kadhaa kwa pamoja na kuacha kuitazama baada ya muda uliotajwa. Lugha ya Java ilipata kikomo cha kungoja kusoma katika toleo la 1.1 la mwaka 1997, lakini kikomo cha kungoja kuunganishwa hakikuja hadi toleo la 1.4 la mwaka 2002, nayo Python ilikiingiza katika maktaba yake ya msingi kwa toleo la 2.3 la mwaka 2003.

Pengo hilo la miaka mitano katika Java linafundisha tofauti ambayo wanaojifunza kazi hii hawana budi kuishika mapema. Kikomo cha kuunganishwa hupima muda wa kupata mtu wa kuzungumza naye upande wa pili, ilhali kikomo cha kusoma hupima muda wa kimya baada ya mazungumzo kuanza, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachozuia kazi nzima kuchukua muda mrefu kupita kiasi, kwa kuwa mpokeaji anayetoa kijisehemu kidogo cha jibu kila baada ya sekunde chache huianzisha upya saa ya kusoma kila mara. Kwa ajili hiyo kinahitajika kikomo cha tatu, cha kazi yote tangu mwanzo hadi mwisho. Lugha ya Go, katika toleo la 1.7 la mwaka 2016, iliingiza katika maktaba yake rasmi chombo kiitwacho context, ambacho huibeba saa ya mwisho ya kazi na kuikabidhi kwa kila sehemu ya programu inayoshiriki, ili ikifika zote ziache pamoja.

Jambo zito zaidi ni lile linalotokea mwandishi asipoandika chochote. Katika Java, Python na Go vyombo vya kawaida vya kuunganishwa, vikiachwa kama vilivyo, aghalabu havina kikomo cha kusoma: vitangoja milele. Programu inayohudumia maelfu ya watu, ikiwa kila ombi lake linaingoja seva iliyonyamaza, yaani mashine iliyopaswa kuitikia maombi hayo, huishiwa nafasi za kupokea maombi mapya, na aliye mzima huanguka kwa kumngoja mgonjwa.

Mkongo na pwani ya leo

Intaneti ilipoingia Tanzania katikati ya miaka ya 1990, mawasiliano ya nje yalitegemea setilaiti zinazokaa kimo cha kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kwa kuwa ishara ilipaswa kupanda na kushuka katika kwenda na vilevile katika kurudi, muda wa kwenda na kurudi ulizidi nusu sekunde hata pale palipokuwa hapana msongamano wowote. Mkongo wa SEACOM ulizinduliwa Julai 2009 ukiwa na kituo Dar es Salaam, mkongo wa EASSy ukafuata mwaka 2010, na njia ya Ulaya ikapungua hadi sehemu ndogo ya nusu sekunde hiyo. Bagamoyo, ambayo mwaka 1890 ilipokea waya wake yenyewe, sasa ilipata huduma kupitia jirani yake wa kusini.

Wepesi huo, hata hivyo, haukuondoa kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Katika hali ya namna hiyo ujumbe unaopata nafasi hupita kwa kuzunguka, njia zilizobaki hujaa, na muda wa kwenda na kurudi huongezeka na kuyumba kwa pamoja, ambayo ndiyo hali iliyomshinda aliyebaki pwani akihesabu miezi ya msafara. Programu iliyowekewa kikomo kifupi mno na mtu aliyeijaribu karibu na seva yake, katika mji wa nje wenye njia fupi na tulivu, hukata tamaa na kutuma upya, na maelfu ya programu zikifanya hivyo kwa wakati mmoja huizidishia mzigo njia ile ile zinayoilalamikia.

Hasara ya kurudia huwa kubwa zaidi pale ujumbe unapokuwa fedha. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ilipotoa huduma za namna hiyo, malipo ya mnunuzi wa samaki wa Bagamoyo au ya mwenye duka wa Saadani hupita katika mashine kadhaa kabla ya meseji ya kuthibitisha muamala kurudi kwenye simu. Meseji ikichelewa, haijulikani kama fedha hazikutoka au zimetoka na jibu ndilo lililochelewa, na programu inayorudia malipo kwa sababu tu saa yake imeisha inaweza kumtoza mtu mara mbili. Dawa yake inajulikana: kila ombi lipewe namba ya kumbukumbu isiyofanana na nyingine kabla halijatumwa mara ya kwanza, na linaporudiwa lirudiwe kwa namba ile ile, ili mpokeaji alitambue kuwa ni lile la awali na asilitekeleze tena. Kuisha kwa muda wa kungoja huthibitisha jambo moja tu, kwamba jibu halijafika, na programu ya fedha isiyoheshimu mpaka huo wa elimu yake hugeuza ucheleweshaji kuwa wizi usiokusudiwa.

Kwa hiyo kuchagua kikomo cha kungoja si kazi ndogo ya kuachiwa mpangilio wa kiwandani. Wanaoandika programu za hospitali, shule, halmashauri na biashara za pwani hii wanapaswa kupima wenyewe muda wa kwenda na kurudi wakiwa Mapinga, Mkwaja au Pangani, katika saa za utulivu na katika saa za msongamano, waandike kikomo cha kuunganishwa, cha kusoma na cha kazi nzima kwa kufuata vipimo hivyo, waongeze muda kati ya kurudia na kurudia, na wahakikishe kwamba kila linalorudiwa linaweza kurudiwa bila kumdhuru mtu. Vyuo vinavyofundisha kazi hii Tanzania vina wajibu wa kulifanya somo hilo kuwa la mwanzo badala ya nyongeza ya mwisho, kwa kuwa mtandao unaofundishwa vitabuni aghalabu ni ule usiokatika. Wakazi wa pwani hii wamewahi kuishi chini ya vikomo vilivyopimwa kwa njia waliyoijua wenyewe, yaani misimu ya upepo, na hakuna sababu ya wajukuu wao kungoja kwa saa zilizotegwa na wasiowahi kuipima njia yao.